UZI: Kufunga waya za LED za kufuatilia kichwa kwa ajili ya simuleta ya ndege, bila kuua tundu la USB wala kujiweka hatarini

Mbawa_za_Kusi (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Watu wengi siku hizi wanataka kujitengenezea kifaa cha kufuatilia kichwa kwa ajili ya simuleta, na michoro wanayopeana inanitia wasiwasi. Mchoro una LED tatu, rizista moja (kile kijipande kinachozuia mkondo wa umeme usizidi), waya mwekundu na mweusi, basi. Taa zinawaka, gemu inageuka, mtu anafurahi. Hakuna anayeeleza itakuwaje siku waya ukichubuka pale unapojipinda karibu na sikio, hedifoni ikiwa kichwani na kompyuta ikiwa imewashwa. Nataka tulijadili hilo hapa, tena kwa namba.

Kwa mgeni wa mambo haya: kifaa hiki kinasoma mwendo wa kichwa chako na kuupeleka kwenye gemu. Ukigeuza shingo kidogo, rubani wa ndani anageuza yake sana, huku macho yako yakibaki kwenye skrini. Ukiwa unakata kona ya mwisho kuingia Zanzibar kwa njia ya kutua namba 36, uwanja uko pembeni, hauko mbele ya pua. Rubani wa kweli anageuka na kuutazama. Wewe mwenye jostiki tu unahangaika na kitufe cha kugeuza kamera wakati mkono huohuo unatakiwa kushika ndege. Ndiyo maana aliyewahi kutumia kifaa hiki hataki kurudi nyuma, iwe kwenye X-Plane, DCS, FlightGear au Microsoft Flight Simulator.

Cha dukani kinachojulikana zaidi ni TrackIR ya kampuni ya NaturalPoint ya Marekani. Toleo la 5 linapiga picha 120 kwa sekunde. Ni kifaa kizuri, ila ukijumlisha usafiri na ushuru wa forodha, wengi wetu kinatushinda. Njia ya mtaani ni programu ya bure ya opentrack, kamera ya kompyuta, na LED tatu za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) zilizofungwa kwenye hedifoni. Kamera inazibwa isione mwanga wa kawaida, kwa hiyo inaona nukta tatu nyeupe kwenye giza. Opentrack ukiipa vipimo vya umbali kati ya nukta hizo kwa milimita, inakokotoa mienendo sita ya kichwa: kugeuka, kuinama, kulala upande, na kusogea kwa pande tatu.

Sasa tuje kwenye waya.

Mchoro uliozagaa unaunga LED zote tatu kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, na kuzipa volti 5 za USB kupitia rizista moja ya omu 22 hivi. Hesabu yake: LED ya infraredi inachukua volti 1.35 hivi, tatu zinachukua 4.05. Inabaki 0.95 kwa rizista. Gawa kwa 22 unapata miliampia 43. Kwenye karatasi iko sawa. Lakini USB haitoi volti 5 kamili kila siku. Kiwango chake kinaruhusu 4.75 hadi 5.25. Kwa 5.25 mkondo unapanda hadi 55, kwa 4.75 unashuka hadi 32. LED zako zikiwa za kundi jingine, kila moja ikichukua volti 0.1 pungufu, namba inaruka tena. Rizista imeachiwa nafasi ndogo mno, ndiyo maana mkondo unayumba.

Hata hivyo kuyumba huko si shida kubwa. Shida kubwa ni mahali rizista ilipokaa. Kwenye michoro mingi iko juu, imelehemiwa kwenye mguu wa LED. Maana yake waya wote kuanzia kwenye kompyuta hadi shavuni mwako umebeba volti 5 ambazo hazijazuiwa na chochote. Nyaya zikigusana njiani, tundu linamwaga kila lilicho nacho: nusu ampia, ampia nzima, au zaidi, mpaka ulinzi wa kompyuta ushtuke. Kompyuta nyingine zina fyuzi inayojirudisha yenyewe, nyingine zina chipu ya kukata mkondo, na vigawanyio vingi vya USB (vile vya kuongeza matundu) vya bei ya chini havina hata kimoja. Hapo ama tundu linakufa, ama waya unapata moto. Na waya wenyewe umeuvaa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: usalama wa kifaa hiki unaamuliwa upande wa plagi. Zuia mkondo pale unapotoka kwenye kompyuta, na waya wote unaobaki hautaweza kukudhuru hata ukikatika, ukibanwa na kiti au ukitafunwa na panya.

Ninavyofunga mimi ni hivi. Kebo ya kawaida ya USB ina nyaya nne ndani: mwekundu wa volti 5, mweusi wa hasi, kijani na mweupe vya data. (Pima kwa multimita, yaani kipima umeme, kabla ya kuamini rangi, kebo za bei rahisi hazifuati.) Ikate kama sentimita 10 kutoka kwenye plagi. Pale kwenye mkato weka kisanduku kidogo cha plastiki. Kutoka upande wa plagi tumia mwekundu na mweusi tu. Kijani na mweupe vya upande huo vikate kwa urefu tofauti, kila kimoja kifunike peke yake, visigusane wala kugusa kingine. Ndani ya kisanduku, mwekundu unagawanyika kwenda kwenye rizista tatu za omu 150. Mwisho wa kila rizista unaungana na waya mmoja wa kebo ndefu inayokwenda kichwani: mwekundu, kijani, mweupe. Mweusi unapita moja kwa moja. Kule juu, kila LED ina waya wake wa chanya, na hasi zote tatu zinakutana kwenye mweusi.

Sasa piga hesabu. Kila LED inapata volti 5 toa 1.3, gawa kwa 150, karibu miliampia 25. Zote tatu ni 74. USB ikicheza kati ya 4.75 na 5.25, kila LED inabaki kati ya 23 na 26, haiyumbi. Na kiwango cha USB 2.0 kinasema kifaa ambacho hakijajitambulisha kwa kompyuta kisivute zaidi ya miliampia 100. LED haina uwezo wa kujitambulisha, kwa hiyo 100 ndiyo haki yake, na hapa tuko chini ya hapo.

Chukua hali mbaya kuliko zote: kebo imebanwa na mguu wa kiti, nyaya zote nne zimegusana. Volti 5 gawa kwa 150 ni miliampia 33 kwa kila rizista, jumla 100. Kompyuta haishtuki. Kila rizista inapata wati 0.17, na rizista ya kawaida ya robo wati inahimili hiyo kutwa nzima. Itakuwa ya moto ukiigusa, lakini iko ndani ya kisanduku mezani.

Kisanduku kiandikwe kwa kalamu isiyofutika kwamba hii si kebo ya data tena. Mtu asije akalehemu plagi ya simu mwisho wake.

---

fundi_Kipawa

Mkuu Mbawa, hii ya kutumia nyaya za data kupitishia umeme wa LED nimeipenda. Ni nyembamba lakini miliampia 25 si mzigo kwake.

Naomba niongezee upande wa ulehemuji, maana hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Hizi LED hazipendi joto la muda mrefu. Kwa LED kama TSAL6400 ya Vishay, watengenezaji wanaruhusu nyuzi 260 kwa sekunde 5, tena milimita 2 kutoka kwenye mwili wa LED. Chuma chako pengine kiko 350. Kwa hiyo paka lehemu kwenye waya kwanza, paka kwenye mguu wa LED, halafu viunganishe kwa mguso mmoja mfupi. Shika mguu kwa koleo ndogo kati ya chuma na LED, koleo linabeba joto. Dirisha wazi, na ule moshi usiuvute.

Mpira wa kusinyaa (ule unaobana waya ukipashwa joto) uvishwe kwenye waya KABLA ya kulehemu, kisha uusukume mbali na chuma usije ukasinyaa mapema. Kila mguu upate wake. Selotepu nyeusi isitumike kichwani: kwa joto la Dar na jasho, gundi yake inayeyuka ndani ya miezi michache, tepu inateleza na miguu inabaki uchi.

Kingine, henga ya nguo. Wengi wanatengeneza fremu kwa waya wa henga, halafu wanaufanya ndiyo njia ya hasi ili kupunguza nyaya. Msifanye hivyo. Fremu iwe fremu tu, isiungwe popote. Ikiwezekana tumia vijiti vya plastiki au ubao mwembamba.

---

mwewe254

Mambo vipi wakuu, niko Nairobi. Nina swali. Laptop yangu ina matundu matatu ya USB na yote yana kazi: jostiki, pedali, kamera. Hizi LED nikizichomeka kwenye chaja ya simu kuna ubaya? Si hata hiyo ni volti 5?

---

Mbawa_za_Kusi

Karibu sana mkuu mwewe. Volti ni zilezile, ila chanzo chake ni kingine kabisa, na swali lako linagusa hatari kubwa kuliko zote za uzi huu.

Ndani ya chaja, kati ya umeme wa ukutani wa volti 230 au 240 na waya unaokuja kwako, kuna transfoma ndogo na umbali wa milimita chache kwenye bodi. Chaja iliyotengenezwa kwa viwango ina insulesheni (kizuizi cha umeme) maradufu pale. Zile za mezani barabarani zisizo na jina hazina hakika hiyo. Nimefungua kadhaa: kuna ambayo njia za shaba za upande wa ukuta na upande wa simu zimepishana kwa nafasi isiyotosha kupitisha kadi ya simu. Ile kapasita, kijipande cha elektroniki kinachounganisha pande mbili, inatakiwa kuwa ya aina ya Y, iliyotengenezwa isifeli kwa kupitisha. Kwenye hizi utakuta ya kawaida ya buluu isiyo na maandishi yoyote ya usalama.

Simu ikiwa inachaji mezani huishikilii saa tatu mfululizo. Hedifoni unaivaa saa tatu, una jasho kwenye masikio, na mkono wako uko kwenye jostiki iliyounganishwa na kompyuta. Insulesheni ya chaja ikifeli, njia ya umeme inapita kichwani. Rizista za 150 hazikusaidii hapo, zilipigiwa hesabu ya volti 5.

Kwa hiyo, ama tumia kigawanyio cha USB kinachopata umeme kutoka kwenye laptop yenyewe, ama betri. Betri mbili za AA kwa mfululizo zinatosha. Badilisha rizista ziwe omu 68: volti 3 toa 1.3, gawa kwa 68, unarudi kwenye miliampia 25 kwa kila LED. Betri mpya za alkali zitakupeleka zaidi ya saa 20. Za kuchaji zinatoa 2.4, LED zitafifia kidogo lakini kamera itaziona. Kanuni ni ileile: rizista zikae kwenye kasha la betri, kwa sababu betri za AA za kuchaji zikipigwa shoti zinatoa ampia kadhaa bila kusita. Ni betri ndogo, ila waya mwembamba zinauchoma.

Jambo moja kwa wenye laptop. Kama chaja ya laptop ni ya pini mbili, ukipitisha kidole kwenye gamba la chuma la laptop unahisi mtetemo fulani. Huo ni mkondo mdogo sana unaovuja kupitia kapasita niliyoitaja, na kwenye chaja halali hauui. Lakini usingependa kuuhisi shavuni. Ndiyo sababu nyingine ya kuhakikisha hakuna chuma cha saketi kinachogusa ngozi, kama alivyosema fundi Kipawa.

---

Nuru_ya_Asubuhi

Samahanini jamani, mimi nafundisha fizikia na hapa kuna kitu hakijaguswa. Macho. Infraredi haionekani, kwa hiyo mboni haisinyai na jicho halipepesi hata mwanga ukiwa mkali. Mdogo wangu anatengeneza hiki kifaa na nataka nijue anajiweka kwenye nini.

---

Mbawa_za_Kusi

Asante sana dada Nuru, au mwalimu, uniwie radhi nikikosea. Nilikuwa naiwekea sehemu yake.

Kiwango kinachotumika kwa taa ni IEC 62471. Kwa infraredi kwenye uso wa jicho, kwa muda unaozidi sekunde 1000, kikomo ni wati 100 kwa mita ya mraba. Chukua LED inayotoa miliwati 30 kwa steradiani (kipimo cha upana wa pembe ya mwanga), ambayo kwa miliampia 25 ni makadirio ya juu. Kwa umbali wa sentimita 20 inaweka wati 0.75 kwa mita ya mraba. Iko mbali kabisa na kikomo. Lakini kwa kuwa nguvu inapanda kwa kinyume cha mraba wa umbali, ukiisogeza hadi sentimita 2 inakuwa 75, na kwa sentimita 1 ni 300. Umeona tofauti? LED iliyokaa pembeni mwa hedifoni ikitazama kamera haina shida. LED unayoisogeza jichoni ili uone kama inawaka, hiyo ndiyo ina shida, na haitakuonyesha kitu maana infraredi huioni.

Kwa hiyo mdogo wako apime kwa kamera ya simu. Nukta inaonekana ya zambarau au nyeupe. Kamera ya nyuma ya baadhi ya simu inachuja infraredi, basi ajaribu ya mbele. Fremu ielekee mbele na iwe nje ya mstari wa macho. Na asiguse kabisa zile taa za kamera za ulinzi zenye LED nyingi za infraredi zikilishwa volti 12. Zile zimetengenezwa kumulika uwanja mzima.

---

Nuru_ya_Asubuhi

Nimeelewa, na hesabu imekubali. Mimi ni dada, umepatia. Nitamwambia pia aweke pazia dirishani, jua lina infraredi nyingi na kamera itachanganyikiwa.

---

mwewe254

Shukran mkuu kwa jibu la chaja. Sasa nimeamua AA. Lakini rafiki yangu hapa anasema LED ni mambo ya zamani, yeye anatumia Arduino Nano (bodi ndogo ya kuprogramu) na kile kisensa cha mwendo cha GY-521, opentrack inakisoma kupitia chaguo lake liitwalo Hatire. Anataka kukifanya kisiwe na waya: moduli ya Bluetooth, betri ya lithiamu ya 400 mAh aliyoitoa kwenye kifaa kibovu, na bodi ya kuchajia ya TP4056. Vyote juu ya hedifoni. Mwasemaje?

---

fundi_Kipawa

Mwambie asimame kwanza.

TP4056 inatoka kiwandani ikiwa na rizista ya kilo-omu 1.2, inayoiambia ichaji kwa miliampia 1000. Betri ya 400 inachajiwa vizuri kwa 400 au chini yake. Kuisukumia 1000 ni mara mbili na nusu, tena kwa betri iliyotoka kwenye kifaa kibovu ambayo hajui ilipitia nini. Hiyo ndiyo inayovimba. Abadilishe ile rizista ndogo: kilo-omu 3 inaleta 400, kilo-omu 4 inaleta 300, kilo-omu 5 inaleta 250. Mimi ningechukua ya 5.

Pia kuna TP4056 za aina mbili sokoni. Moja ina chipu moja tu, nyingine ina chipu mbili ndogo za ziada za ulinzi, DW01 na ya 8205, na matundu sita ya kulehemu badala ya manne. Anunue yenye ulinzi. Bila hiyo, nyaya zikigusana hakuna wa kuikata betri.

---

Mbawa_za_Kusi

Naunga mkono yote ya fundi, na naongeza moja ambalo kwangu halina mjadala: betri ya lithiamu isikae kichwani. Hata nzuri. Ikitoboka au ikipashwa joto kupita kiasi inawaka, na moto wake hauzimwi kwa kupuliza. Moto karibu na nywele, huku umevaa hedifoni iliyobana, unakupa sekunde chache. Rafiki yako aiweke mfukoni mwa shati au kiunoni, waya mwembamba upande hadi kichwani, fyuzi ikae kwenye betri. Na isichajiwe ikiwa imevaliwa, hata kidogo.

Na kwa kuwa waya tayari utakuwepo, faida ya kutokuwa na waya inapungua sana. Tena GY-521 inabeba MPU-6050, ambayo haina dira ya sumaku. Kwa hiyo kugeuka kushoto na kulia kunapotea polepole: baada ya muda wewe unatazama mbele lakini gemu linadhani unatazama bawa, na lazima ubonyeze kitufe cha kurudisha katikati. LED tatu hazina ugonjwa huo. Sioni kwa nini ziitwe za zamani.

---

Kisiwa_Mjini

Wakuu naomba kuuliza, mimi sina hata chuma cha kulehemu. Lazima nifunge haya yote?

---

Mbawa_za_Kusi

Hapana mkuu. Opentrack ina njia ya neuralnet inayosoma uso wako kwa kamera ya kawaida, bila kitu chochote kichwani. Ukiwa na mwanga mzuri wa mbele na kompyuta isiyolemewa na gemu, anza na hiyo. Hakuna waya, hakuna hatari. Kufunga LED kunafaa pale unapocheza usiku gizani, au kompyuta yako haina nguvu ya ziada, au unataka mwendo mtulivu zaidi.

Kuna pia njia ya katikati: vipande vitatu vya utepe wa kuakisi, kama wa kwenye reflekta za bodaboda, unavibandika kwenye kofia, na LED zinakaa mezani kuzunguka kamera. Kichwani hakuna umeme kabisa. Inahitaji LED zaidi na pembe iwe sahihi, lakini kwa mwenye watoto nyumbani naipendelea.

---

mwewe254

Swali la mwisho kuhusu kebo. Nikisimama nikasahau nimeivaa, itavuta laptop?

---

Mbawa_za_Kusi

Ndiyo, kama haina mahali pa kuachia. Weka kiungo cha kuchomoka karibu na bega, sentimita 30 hivi chini ya hedifoni. Pini nne za kawaida za bodi za elektroniki, zile za kuchomeka bila kufuli, zinaachia kwa mvuto mdogo. Usitumie jeki ya hedifoni ya milimita 3.5 kupitishia umeme: inapoingia na kutoka, pete zake zinagusana na kupiga shoti kwa muda mfupi kila mara. Kwenye mfumo wa rizista tatu shoti hiyo haidhuru, ila kuna siku mtu atakuja kuchomeka hedifoni za kweli pale.

Upande wenye umeme uwe wa kike, pini zilizojificha. Upande wa kichwani ndio uwe wa kiume. Weka tone la rangi ya kucha pande zote mbili ili zilingane. Ukizigeuza kwa bahati mbaya LED haziwaki, ndiyo dalili yako.

Juu kabisa, kabla waya haujafika kwenye LED, ufunge kwenye upinde wa hedifoni kwa kamba ya plastiki ili mvuto ushike upinde na lehemu isihisi chochote. Waya usifungwe pamoja na waya wa maikrofoni.

---

fundi_Kipawa

Na kabla ya kuvaa, vipimo. Multimita kwenye omu, kifaa hakijachomekwa: kati ya mwekundu na mweusi wa plagi kusiwe na mlio wa shoti. Miguu ya LED isiaminiwe kwa urefu tu, tumia kipimo cha dayodi. Ikisoma volti 1 na kitu, upande wa waya mwekundu wa mita ndio chanya. Halafu chomeka kwenye kitu usichokililia, kama pawabenki, siyo laptop. Acha dakika kumi. Gusa rizista, gusa kebo nzima kwa kiganja. Rizista vuguvugu ni sawa. Kebo isiwe na joto lolote mahali popote.

Rizista ya 150 ina pete za kahawia, kijani, kahawia, kisha ya dhahabu. Wauzaji wanachanganya na 15, ambayo pete yake ya tatu ni nyeusi. Pimeni kila moja dukani. Ukifunga tatu za 15 utakuwa umeondoa ulinzi wote tulioujenga hapa.

---

mwewe254

Wakuu, nimerudi. Nimebadili mawazo, nimenunua kigawanyio na nimefunga kwa USB kama mchoro wa Mbawa. Plagi inatoa volti 5.08. Kila LED inavuta 25. Nimepiga shoti nyaya zote nne kwa makusudi kule juu nikitumia pawabenki: 101. Rizista zimepata joto, kebo baridi kabisa. Ila kwenye opentrack nukta zinaonekana kubwa na zinacheza.

---

Mbawa_za_Kusi

Vipimo vimekaa vizuri. Nukta kubwa maana yake kamera inapokea mwanga mwingi mno. Zima marekebisho ya kamera ya kujiendesha, shusha muda wa kupokea mwanga hadi chini, kisha pandisha kizingiti cha nukta kwenye opentrack mpaka zibaki tatu tu zenye kingo safi. Usiongeze mkondo wala kubadili rizista. Halafu pima umbali kati ya LED kwa rula, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, uingize milimita hizo kwenye programu. Ikikataa, weka picha ya dirisha la opentrack hapa pamoja na aina ya kamera, tutaangalia.